Kitanda Nyuma ya Mlango

Jumatano, 1 Septemba 1982

Leo tena nimeamshwa na makelele. Athumani anawasha pikipiki uani na nyumba nzima inaanza kukohoa. Bomba la moshi limetoboka pale linapopinda chini ya injini. Kutu tupu. Zamani mlio wake ulikuwa wa heshima, mtu unajua mume wangu anakuja. Sasa ni kama anaburuta mabati. Jana balozi wa nyumba kumi alikuja kulalamika. Kwa adabu, lakini alikuja.

Kazini nimechapa barua mpaka vidole vikafa ganzi. Kutoka hapo foleni ya sukari. Imekatika nikiwa nimebakiza watu wachache kufika dirishani.

Nimerudi na hasira zangu, nimemkuta Athumani amechuchumaa nyuma ya mlango wa chumba. Kitambaa mkono huu, kichupa cha mafuta ya cherehani mkono huu. Anakipaka mafuta kitanda cha Mwanahawa. Kila mwezi lazima akipake. Mguu kwa mguu, upapi kwa upapi, mpaka zile tufe za shaba zinang'aa.

Mwanahawa ni mtalaka wake. Waliachana kabla mimi sijatoka Lindi. Sijawahi kumtia machoni. Lakini kitanda chake cha chuma, cha Kiingereza, cha kijani, kimefunguliwa vipande na kuegemezwa nyuma ya mlango wangu, na kila nikifungua mlango unakigonga. Ngo. Mwaka wa pili huu naingia chumbani kwangu kwa kubisha hodi kwa mwanamke mwingine.

Chumba chenyewe ni kimoja. Pikipiki inalala uani, inanyeshewa, kwa sababu nafasi ya nyuma ya mlango ina mwenyewe. Basi bomba la pikipiki inayotulisha limeoza, na kitanda cha mtalaka hakina hata doa la kutu.

Nina wivu. Nimeandika.

Ijumaa, 3 Septemba

Athumani ameziba tundu kwa bati la kopo la mafuta ya kupikia na waya. Amefika nalo Magomeni, bati likaungua, likadondoka. Yeye ni fundi wa vyerehani, anawafuata mafundi cherehani barazani kwao na sanduku la zana nyuma ya pikipiki. Bila pikipiki hana kazi, ana matembezi tu.

Jioni kaleta samaki wa kukaanga kutoka Feri, kama kila Ijumaa. Changu. Wametiwa ndimu na pilipili ndani ya mipasuo, hawajakauka, hawajalowa mafuta. Nimemwambia huyo anayekaanga ana mkono. Athumani akasema ndiyo, ana mkono. Nikala na mifupa nikaifyonza.

Jumamosi, 4 Septemba

Nimetoka kazini mchana, tumeikokota pikipiki mpaka Gerezani kwa Fundi Chande. Ana banda lake karibu na reli, anachomelea kila kitu, kuanzia mageti mpaka masufuria. Kwao ni kule kule kwetu Kusini, kwa hiyo ananiita dada na kunitania kwamba Athumani ameniokota.

Chande alichuchumaa. Alichukua nyundo ndogo akaligonga bomba taratibu. Alipogonga, nyundo ikaingia. Akagonga pembeni. Ikaingia. Akatucheka. Akasema hakuna pa kuchomelea hapo, chuma chenyewe hakipo, kilichobaki ni rangi ya kutu. Libadilishwe lote kuanzia kwenye injini mpaka kwenye sailensa.

Bomba la kununua halipo. Tumezunguka Gerezani yote, tumerudi Kariakoo, maduka ya vipuri yana kalenda ukutani na mwenye duka kwenye kiti. Pikipiki yenyewe ni kongwe, tuliachiwa na Mgoa mmoja karani wa bandarini aliyehama nchi. Vipuri vyake huko kwao Uingereza nafikiri vimeshawekwa makumbusho. Mabomba ya maji Chande hayataki. Anasema yamepakwa zinki, ukiyachoma unavuta sumu.

Halafu akasema, na mimi nilimsikia vizuri: "Tafuteni kitanda cha chuma cha zamani, kile cha Kiingereza. Bomba lake ndilo saizi hii hii. Na ile kona ya miguuni ndiyo kona ya ekzosi. Napunguza kidogo tu, kazi imekwisha."

Nikamtazama Athumani. Athumani akatazama reli.

Tumerudi nyumbani. Nilipofungua mlango ukagonga, ngo, nikasema: si hiki hapa? Akasema, "Hicho si chetu." Nikamwuliza ni cha nani. Akaniita kwa jina, "Tatu, nimesema si chetu." Akatoka kwenda msikitini, na hata adhana ilikuwa bado.

Si chetu! Kwa hiyo ni chao.

Jumatatu, 6 Septemba

Tumenuniana. Nimepika ugali wa unga wa njano, mboga nimeisahau makusudi.

Alhamisi, 9 Septemba

Athumani anatembea kwa miguu siku zote hizi. Sanduku la zana begani. Ameenda Ilala akarudi, ameenda Magomeni akarudi, Temeke ameshindwa. Fundi mmoja wa Temeke mwenye vyerehani vinane amemwita mtu mwingine. Ndiye mteja wake mkubwa. Nilisikia anamsimulia jirani barazani, mimi hakuniambia.

Leo kidole gumba cha mguu kimevimba. Nimemchemshia maji ya chumvi nikamweka miguu ndani ya beseni. Nimemkanda. Namhurumia na nataka kumpiga na hilo beseni. Mwanamume anakubali kupoteza wateja, anakubali kuchechemea mji mzima, lakini kipande cha chuma cha mwanamke aliyemwacha kisiguswe. Mimi kwa ajili yangu hajawahi hata kuchelewa chakula.

Namfikiria huyo Mwanahawa. Lazima ni mrefu. Lazima ana shingo. Wanawake wanaowekewa vitu huwa na shingo.

Ijumaa, 10 Septemba

Amechechemea mpaka Feri na kurudi na samaki. Feri! Na mguu ule! Nimekula nikiwa nimenuna. Walikuwa watamu vile vile.

Taarifa ya msiba imefika jioni. Baba yake mdogo, Kibaha. Ameondoka na basi la mwisho, atarudi Jumatatu.

Nimebaki mimi na kitanda.

Jumamosi, 11 Septemba

Nimefanya.

Nimetoka kazini moja kwa moja mpaka sokoni, nimemchukua mtu wa mkokoteni. Nimempakizia upande wa miguuni wa kitanda peke yake, ule wenye kona. Bi Mwajuma mwenye nyumba alikuwa barazani anachambua mchele. Akaniuliza, "Tatu, mwenyewe anajua?" Nikamwambia mwenyewe ni mimi. Akainamia ungo wake.

Chande naye kauliza. Nikamwambia Athumani amekubali, ila yuko msibani. Uongo umetoka bila kukwama. Akaupima kwa kamba, akaweka msumeno. Nilikuwa nimejitayarisha kujisikia vibaya. Wapi! Kila msumeno ukienda na kurudi moyo wangu ulikuwa unanyooka. Vumbi la kijani lilimwagika chini na mimi nilisimama juu yake kwa viatu vyangu vya kazini.

Kona ya kwanza ilikuwa tayari, kama alivyosema. Kona ya pili ilibidi ipindwe. Alijaza bomba mchanga mkavu, akashindilia, akaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti ili bomba lisibonyee linapopinda. Akalichoma kwa moto wa mkaa, maana gesi anaibania. Lilipokuwa jekundu akalishika kwa koleo na kulivuta taratibu kwenye nguzo, uso umemkunjamana, jasho linachuruzika. Nilikuwa nalipepea jiko mimi mwenyewe. Nimeunguza kidole na sikujali.

Alitaka kuikwangua rangi iliyobaki kwanza. Nikamwambia asipoteze muda.

Nina furaha. Mbaya, lakini ni furaha.

Jumapili, 12 Septemba

Chande amekuja asubuhi kulifunga. Limekaa kama lilizaliwa na ile pikipiki. Watu wa nyumba wote wametoka uani kutazama. Kapiga kiki, mara ya kwanza kimya, mara ya pili ikawaka. Mlio mzuri! Si ule wa zamani. Huu ni mwembamba zaidi, una kengele kwa ndani.

Halafu rangi ikaanza kuungua. Moshi wa kijani, mzito, harufu kama ya kuchoma viatu. Tukakimbilia nje. Mtaa mzima umenuka rangi ya Mwanahawa mpaka adhuhuri. Balozi amekuja tena. Safari hii bila adabu.

Nilijifunika khanga puani nikacheka peke yangu.

Jumatatu, 13 Septemba

Athumani amerudi mchana. Nimemkuta uani kwenye kigoda, mbele ya pikipiki. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu asubuhi, hata kazini nimechapa barua moja mara mbili kwa kuyarudia. Hakunipa nafasi. Hakupiga kelele. Aliuliza nimetumia upande upi. Nikamwambia wa miguuni.

Akasema, "Tatu, kile kitanda ni amana."

Nimekaa chini pale pale.

Amenieleza. Kitanda kilikuwa cha mama yake Mwanahawa. Mama alipofariki kikawa cha Mwanahawa, akaja nacho kwa Athumani. Walipoachana alikwenda kukaa kwa shangazi yake, chumba kimoja watu saba, hakuna hata pa kutandika mkeka. Akamwomba amwekee mpaka apate pake. Athumani akaapa mbele ya watu wawili kwamba atamrudishia kama kilivyo. Ndiyo maana mafuta. Ndiyo maana si chetu.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekwambia ni cha Mwanahawa, ungeniachia nimalize?"

Nisingemwachia.

Jumatano, 15 Septemba

Amana. Kwetu mtu akikuwekea hata kuku, kuku huyo hupimwa kwa macho kila asubuhi. Baba yangu alikaa na baiskeli ya mtu miaka chungu nzima bila kuipanda, na shambani alikwenda kwa miguu. Nilikuwa namwona mjinga. Mimi nimekula amana. Si kwa njaa, kwa wivu.

Athumani anaendesha pikipiki. Amesema bomba limeshafungwa, kulifungua hakutarudisha kitanda. Temeke wamemwita tena. Anakwenda, anarudi, anasema asante kwa chakula. Simjui mtu huyu mwenye adabu.

Na bado nina wivu. Naliandika hili hapa kwa kuwa ni kweli. Nimegundua kumbe hakuwa anampenda, alikuwa anatimiza neno lake, na hilo nalo nalionea wivu. Mimi hajawahi kuniapia kitu mbele ya watu wawili, zaidi ya ile siku ya ndoa.

Ijumaa, 17 Septemba

Mwanahawa amekuja.

Nilikuwa nafua. Mwanamke amesimama kwenye korido, mfupi, mnene, khanga imefungwa kiunoni, anahema. Meno ya mbele yana mwanya. Shingo hana kabisa. Mkononi ameshika kifurushi cha gazeti na nikaijua harufu kabla sijamjua mtu.

"Mwenzangu, Athumani leo hakupita kuchukua samaki wake, nikasema nilete mwenyewe. Na kitanda nakifuata. Naolewa Jumapili."

Samaki. Tangu nimeolewa nakula samaki wa Mwanahawa. Nimemsifu mkono. Nimefyonza mifupa!

Nilitaka kupandisha sauti, na ilikuwa imeshafika kooni. Kila Ijumaa, Athumani, kila Ijumaa! Lakini yeye alikuwa ameshaingia chumbani, ameshauvuta mlango, na ameshaanza kuhesabu vipande vyake. Kichwani, pande mbili za ubavuni, chaga. Akatazama nyuma ya kabati. Akatazama chini ya kitanda changu. Akaniuliza miguuni kuko wapi.

Ningeweza kumsingizia Athumani. Ilinipitia akilini, wala haikupita haraka. Nikamshika mkono nikampeleka uani. Athumani alikuwa ndiyo kwanza anaingia na pikipiki, akatuona wawili tumeshikana mikono, akazima injini. Nikamwonyesha Mwanahawa bomba. Rangi yote imeungua ila pale karibu na sailensa, pamebaki utepe wa kijani mwembamba.

Nikasema, ni mimi. Hakujua. Alikuwa msibani.

Akachuchumaa. Akanyoosha kidole kugusa ule utepe, bomba bado la moto, akakitia mdomoni. Akaanza kucheka. Amecheka mpaka akakaa chini, akasema, "Mama yangu mie, umekuwa ekzosi!" Halafu kicheko kikageuka. Amelia kwa sauti, hapo hapo kwenye matope ya maji yangu ya kufulia. Amezaliwa juu ya kile kitanda. Mama yake amefia juu yake. Alitaka siku ya harusi yake awe na kitu kimoja cha kwao.

Athumani hakujua aende wapi. Akashika sanduku la zana kama linaondoka.

Mimi nimeingia ndani nikavua shuka kwenye kitanda changu. Kitanda cha mninga, kazi ya mafundi wa Keko, nilikichongesha kwa mishahara yangu ya kwanza Dar kabla sijamjua mwanamume yeyote. Nina kitu kimoja tu cha kwangu mjini hapa. Nikamwambia chukua.

Nilitegemea akatae kwanza, kama watu wanavyokataa. Hakukataa. Alikitikisa kuona kama kinalia, akapitisha kiganja kwenye mbavu zake, akasema, "Ni kipana. Bwana wangu ni kuli, ana mabega." Na vipande vya chuma vilivyobaki navyo atavichukua, ni vyake.

Nikamchukia upya. Lakini haki yake.

Jumamosi, 18 Septemba

Mkokoteni umekuja asubuhi. Bwana harusi mwenyewe na kuli mwenzake. Kweli ana mabega. Wamebeba kitanda changu kama wamebeba kikapu, kwenye kona ya korido wamekikwangua ubavuni, na mimi nikasema "jamani" kwa sauti ya mtu anayeibiwa. Mwanahawa hakuja. Amemtuma mume mtarajiwa aniambie nisikose kesho asubuhi.

Athumani amesimama pembeni muda wote. Walipoondoka ameniambia, "Sikutaka ujue samaki wanatoka wapi. Nilijua utaacha kuwala." Nikamwuliza kama ni samaki tu wanaompeleka kwa Mwanahawa. Akasema ni samaki, na kwamba mwanamke aliyekaa naye miaka mitano hawezi kumpita kama gogo, lazima amjulie hali. Angeniambia uongo ningejisikia vizuri zaidi. Nimemwambia hivyo. Akasema anajua.

Chumba ni kikubwa. Sikujua ni kikubwa namna hii. Tumetandika mkeka katikati. Tulipolala mgongo ukauma, na yeye mgongo ukamwuma, tukawa tunageuka kwa zamu na kuguna, mpaka nikamsikia anacheka kwenye mto. Nami nikacheka, kidogo.

Jumapili, 19 Septemba

Tumeenda harusini, Gerezani, nyumba ya jirani wa shangazi yake Mwanahawa. Tumeenda na pikipiki. Nilikaa upande, miguu imening'inia juu ya lile bomba, joto lake likinipanda mpaka kwenye goti. Mlango wa chumba cha maharusi ulikuwa wazi. Nimekiona kitanda changu, kimetandikwa shuka nyeupe, na ule upande wa kichwani wa kitanda cha chuma wameuegemeza ukutani nyuma yake, kama pambo. Tufe za shaba zinang'aa. Mwanahawa amenishika mkono mbele ya wanawake wote akasema huyu ndiye aliyenipa kitanda. Wakapiga vigelegele. Sikujua niweke wapi uso.

Tumewahi kurudi kabla ya saa nane, maana baada ya hapo Jumapili hakuna ruhusa ya kuendesha, serikali inabana petroli. Sasa mji umenyamaza. Hata Mtaa wa Swahili, usiokosa kelele, unasikia mtu anapiga chafya. Athumani amelala kwenye mkeka, mdomo wazi.

Pikipiki hatujaiacha uani. Majuzi jirani kaibiwa taa. Ameisukuma kwenye korido, akaiingiza chumbani, akaiegemeza pale penye nafasi, nyuma ya mlango. Nilipotoka kwenda kuchota maji na kurudi, mlango ukaligonga bomba. Ngo. Mlio ule ule.

Nimesimama na ndoo mlangoni. Nilitaka kitanda cha Mwanahawa kitoke katika nyumba hii. Kimetoka. Kila asubuhi kitatoka na mume wangu, kitazunguka naye Ilala, Magomeni na Temeke, na jioni kitarudi naye, na mimi nitakisikia tangu kona ya mtaa nikaanze kupakua.

Bomba limeshapoa. Karibu na sailensa, pale rangi ilipoishia, kutu imeshaanza, doa dogo kama tone la chai. Nimechukua kitambaa na kile kichupa cha mafuta ya cherehani nikachuchumaa. Nimelipaka lote, kuanzia kwenye injini mpaka mwisho. Kesho akiwasha litatoa moshi kidogo. Na litoe.